Jinsi ya kupiga epoksi kwenye geti na grili za Dar ishike, na kwanini hadena haipimwi kwa macho

Ukienda Gerezani au Kariakoo ukasema unataka epoksi ya geti utapewa makopo mawili, kubwa lina rangi na dogo lina hadena (dawa ya kuigandisha hiyo rangi), ukishafika saiti ndo shida inapoanzia maana mafundi wengi tumezoea ile ya "weka kidogo, ukiona inachelewa kukauka ongeza". Wakuu, hiyo kauli imeharibu kazi nyingi sana hapa mjini. Mi nimepiga chuma Kigamboni, Msasani, Kunduchi na Mbezi Beach huko, sehemu ambazo ukiacha baiskeli nje mwezi mmoja mnyororo unakuwa mwekundu, na nikikuta rangi imebanduka huwa naanza kwa kuuliza walivyochanganya, kabla hata ya kuuliza ni ya kampuni gani.

Hii tabia ya kuongeza hadena kwa macho imetoka kwenye faiba, na kule ina sababu yake. Resini ya faiba, ile wanayojengea boti na matanki, ni polyesta iliyoyeyushwa ndani ya stairini, na stairini peke yake ni kama theluthi moja hadi karibu nusu ya ndoo, ndo ile harufu kali inayokupokea hata kabla hujaingia karakana. Kile kimiminika wanachoita hadena au katalisti ni peroksaidi, inawekwa asilimia 1 mpaka 2 tu, na yenyewe haijengi kitu, kazi yake ni kuwasha moto. Inavunjika, inatoa vipande vyenye njaa ya kushika kitu, vinaishika stairini, stairini inashika polyesta, polyesta inashika stairini nyingine, mnyororo unaenda wenyewe mpaka ndoo nzima inakuwa jiwe. Kwa hiyo ukiweka asilimia 1 au moja na nusu, jiwe litapatikana tu, tofauti ni muda. (Humo kuna kobalti pia, ile ya zambarau, ndo inaivunja peroksaidi kwenye joto la kawaida. Kobalti na peroksaidi zisikutane zenyewe kwa zenyewe hata tone, zinalipuka. Changanya kobalti kwenye resini kwanza ikolee kabisa, peroksaidi baadae, na vaa miwani maana tone moja la peroksaidi linaweza kuchukua jicho.)

Epoksi ni habari nyingine kabisa. Hadena ya epoksi inaingia ndani ya rangi na inabaki humo humo maisha yake yote, ni sehemu ya ukuta wenyewe, kama saruji na mchanga.

Ngoja nieleze kinachotokea maana ukikielewa hutamwaga tena kwa macho. Resini ya epoksi ya kawaida inatengenezwa kwa bisfenoli A na epiklorohidrini, walioanzisha hii kazi wanaotajwa sana ni Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani miaka ya 1930 na 1940. Kila molekuli ni kama kijiti, na kila ncha ya kijiti ina kapete kadogo ka pembe tatu, kaboni mbili na oksijeni moja, kamebanwa kwa nguvu kama mtego wa panya uliotegwa. Hadena yenyewe ni amini, ndo maana ukifungua kopo dogo unasikia harufu ya kama amonia au samaki waliolala, na amini ina haidrojeni zake ambazo mi huwa naziita mikono. Mkono mmoja unafyatua pete moja na kuishika moja kwa moja. Pete ikishashikwa hamna mkono mwingine unaoihitaji, na mkono ukishashika hauachii. Kijiti kina ncha mbili, amini ina mikono minne, mitano, sita, kwa hiyo ukiziacha zishikane unapata wavu mmoja mkubwa, yaani geti lako lote linakuwa limefunikwa na kitu ambacho ni kama molekuli moja tu. Huo wavu ndo unaozuia maji na chumvi.

Sasa hesabu. Molekuli fupi kabisa ya hiyo resini ina uzito wa 340 kwa kipimo cha molekuli na pete 2, maana yake kila pete inabebwa na 170. Ya dukani ina vijiti virefu virefu kidogo ndani yake kwa hiyo inasoma kama 190 kwa pete moja. Chukua hadena inayoitwa TETA, uzito wake ni 146 na ina mikono 6, gawanya unapata 24.3 kwa mkono mmoja. Ili kila pete ipate mkono wake unahitaji gramu 24.3 za hadena kwa kila gramu 190 za resini, ambayo ni kama gramu 13 kwa gramu 100. Sio 10, sio 20. Ukiweka 10 karibu robo ya pete zinabaki hazina wa kuzishika, wavu una matundu, maji yanapita taratibu na kutu inaanza chini huku juu pazuri. Ukiweka 20 mikono inabaki hewani, na hiyo mikono inapenda maji kuliko kitu chochote, rangi inabaki inanata au laini na mvua ikija inaweka weupe. Na hapa ndo watu wanapokosea zaidi: kuongeza hadena hakuharakishi kukomaa kama kwenye faiba. Kinachoharakisha epoksi ni joto.

Makopo ya dukani mtengenezaji keshakupigia hiyo hesabu, we kazi yako ni kusoma lebo inasema uwiano ni kwa ujazo au kwa uzito. Hapa nimeona watu wazima wanapotea. Tuseme lebo inasema 4 kwa 1 kwa ujazo, na kopo kubwa limejaa unga wa rangi kwa hiyo lita yake moja ina kilo 1.45, hadena lita yake gramu 950. Ukiipima hiyo 4 kwa 1 kwenye mizani umeharibu, kwa uzito ilitakiwa iwe kama 6 kwa 1, kwa hiyo umezidisha hadena kwa nusu nzima! Kama unataka mchanganyiko mdogo na lebo ni ya ujazo tumia vikombe vya kupimia vyenye mistari au bomba la sindano kubwa, kama lebo imetoa na uzito basi ile mizani ya jikoni ya kidijitali inatosha kabisa. Na kama geti ni kubwa changanya makopo yote mawili mazima, hapo huna cha kukosea.

Kabla ya kuchanganya koroga kopo kubwa kwanza peke yake mpaka chini, unga unalala. Afu mimina hadena, koroga dakika tatu mpaka tano huku unakwangua kuta na kitako, halafu hamishia kwenye ndoo nyingine safi ukoroge tena, kwasababu ile iliyong'ang'ania kwenye kona ya ndoo ya kwanza haikukutana na hadena na ukiifikia na brashi itabaki tope hapo getini milele. Hadena za poliamaidi (aina mojawapo ya hizo amini) nyingi zinataka ikae kama robo saa mpaka nusu saa kabla ya kupaka ili zianze kushikana, lebo itasema.

Na usichanganye nyingi kuliko utakayoiwahi kuipaka. Kila pete inapofyatuka inatoa joto, joto linaharakisha nyingine, na kanuni ya mkononi ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka kasi inakuwa kama mara mbili. Lebo ikisema dakika 40 wanamaanisha kwenye nyuzi 20 na kitu, sio Dar mwezi wa pili. Nilishawahi kuchanganya karibu nusu kilo ya ile safi isiyo na thina kwenye kikombe kirefu cha plastiki, simu ikaita, nikaenda pembeni kuongea, narudi kikombe kinatoa moshi mweupe, kimelainika kimeinama upande mmoja na ndani resini imepasuka mipasuko kama udongo wa bonde lililokauka. Resini ile ile ukiimwaga kwenye trei pana joto linatoka na unapata muda wa kufanya kazi. Ikianza kuwa nzito usiiokoe kwa thina, wavu umeshaanza kujifunga na thina haifungui mikono iliyoshikana, inalainisha macho yako tu.

Haya, chuma. Epoksi inashika vizuri kwasababu kila pete ikifunguka inaacha kikundi cha oksijeni na haidrojeni kinachopenda kung'ang'ania chuma, lakini lazima kikikute chuma, sio mafuta wala chumvi. Anza kwa kuosha na sabuni kutoa mafuta kabla hujagusa msasa, ukianza na msasa unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Halafu toa kutu na rangi iliyolegea. Wenye uwezo wa kupiga mchanga kwa kompresa wafike kile kiwango wanachoita Sa 2½, sisi wa mtaani tunatumia grenda, na hapo nashauri diski ya msasa, namba 60 au 80, kuliko kikombe cha waya. Waya ukikaa sana sehemu moja unaling'arisha chuma mpaka linakuwa kama kioo na rangi inakosa pa kushika.

Maji ya kusuuzia ni jambo la kupigia kelele. Visima vingi vya huku pwani, Kigamboni ndo usiseme, maji yake yana chumvi. Ukisuuza geti na maji ya kisima hicho umelipaka chumvi kwa mikono yako mwenyewe, halafu unaifunika na epoksi, chumvi inavuta maji kupitia rangi na baada ya muda unaona vipele vimejaa. Onja maji. Kama yana chumvi nunua madumu mawili matatu ya maji yasiyo na chumvi au tumia ya mvua, ni hela ndogo.

Sasa kitu ambacho ndo adui mkubwa wa hapa kwetu, unyevu. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, umande unaanza kutua kwenye chochote chenye nyuzi 26 kushuka chini. Kanuni ya kazi ni chuma kiwe juu ya hapo kwa angalau nyuzi 3, na unyevu usizidi asilimia 85. Chuma kilicholala nje usiku mzima asubuhi kinakuwa cha baridi kuliko hewa, kinatoka jasho ambalo hulioni. Kwa hiyo mi sianzi kabla ya saa 3 asubuhi, chuma kimepata joto, na nikiwa na epoksi namaliza kabla ya saa 9 alasiri ili umande wa jioni uikute imeshaanza kushika. Mchana kati jua likiwa limepiga geti mpaka mkono hauwekeki, usipake upande huo, thina inatoka haraka inaacha vitundu kama vya sindano, zungukia upande wenye kivuli. Masika, mwezi wa tatu mpaka wa tano, kama kazi inaweza kusubiri isubiri.

Nasema hivyo kwasababu mwaka fulani nilipiga praima ya epoksi, yaani koti la kwanza, ngazi za chuma za nyumba moja Kigamboni mwezi wa nne, tumemaliza saa 11 jioni. Asubuhi ngazi zinang'aa vizuri tu, ila nikipitisha kidole nahisi utelezi, kama mtu kapaka mafuta ya nazi kidogo sana, na kidole kinaacha mstari. Nikajua ni umande, nikafuta na kitambaa kikavu nikapiga koti la pili. Miezi mitatu baadae koti la pili likawa linabanduka kama ngozi ya kitunguu, unashika ncha linakuja lote, wakati la kwanza chini limekaa limeng'ang'ania chuma hata kisu hakiingii. Niliirudia kazi yote kwa hela yangu.

Ule utelezi ni amini. Kabla haijashikana na pete zote, mikono iliyopo juu juu inakutana na kaboni dayoksaidi ya hewani pamoja na unyevu, inatengeneza chumvi fulani yenye nta nta, na hakuna rangi itakayoshika juu yake. Dawa yake ni rahisi ajabu, inayeyuka kwenye maji. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, ile dodoki ya kijani ya kuoshea vyombo, sugua, suuza, acha ikauke, ndo upige msasa mwepesi. Usianze na msasa maana unaipaka upya nyumba nzima. Mi siku hizi hata nikiwa sina wasiwasi napitisha kidole chenye maji kila asubuhi kabla ya koti linalofuata.

Na kuna hadena ambayo inaupenda huu mji wetu, na inanifurahisha kila nikiifikiria. Inaitwa fenalkamini, na asili yake ni maganda ya korosho. Wanaobangua korosho kwa mkono kule Mtwara na Lindi, hata Mkuranga hapo jirani, wanayajua yale mafuta meusi ya ganda yanavyounguza ngozi. Yakipashwa joto yanatoa kitu kinaitwa kadanoli, ni fenoli yenye mkia mrefu wa mafuta wa kaboni 15. Viwanda vinaiunganisha na fomaldehaidi na amini wanapata hadena ambayo ule upande wa fenoli unaharakisha pete kufunguka na ule mkia unafukuza maji, kwa hiyo inakomaa vizuri hata kwenye unyevu na haitoi utelezi sana. Inatumika mno kwenye meli. Ukienda dukani omba karatasi ya maelezo ya bidhaa uangalie hadena ni ya aina gani, poliamaidi nayo ni nzuri kwa geti maana inapinda kidogo na inavumilia unyevu. Zile za amini kali kali ziache za sakafu za viwanda na sehemu za asidi.

Kupaka. Kona kali, kingo za flatibaa na sehemu za kuchomelea zipake kwanza na brashi peke yake, rangi ikiwa majimaji inaikimbia kona na kuacha utando mwembamba na kutu siku zote huanzia hapo. Halafu ndo rola au kupuliza. Unene pia una hesabu yake: kama kopo linasema yabisi (kinachobaki thina ikishatoka) ni asilimia 60 kwa ujazo na unataka mikroni 100 ikishakauka (milimita moja ni mikroni 1000), basi ikiwa mbichi iwe kama mikroni 170, na lita moja itafunika mita 6 za mraba kwa hesabu ya karatasi, kwa grili toa hata theluthi maana nyingine inaenda hewani. Kuna kale kakipande kadogo ka bati kenye meno kanapima unene ikiwa mbichi, bei yake sio kubwa, nunua. Thina weka ya kampuni hiyo hiyo, kiasi cha lebo, mara nyingi haizidi asilimia 5 mpaka 10.

Koti la pili lina dirisha lake la muda. Ukiwahi ndani ya muda uliotajwa kwenye lebo mikono iliyobaki ya koti la kwanza inashikana na pete za koti la pili, yanakuwa kitu kimoja. Ukichelewa wavu umejifunga, huna namna ila msasa.

Afu usiache epoksi iwe ya mwisho juani. Vile vijiti vya bisfenoli vinameza miale ya jua na kuvunjika, ndo maana epoksi iliyoachwa nje inakuwa na unga mweupe kama chaki ukiigusa. Funika na poliyurethani, nayo ni rangi ya makopo mawili, mikroni 50 zinatosha. Hii ni kemia ya Otto Bayer wa Ujerumani ya mwaka 1937, hadena yake ni isosianeti na inashikana na polioli iliyomo kopo kubwa. Chagua ile inayoitwa alifatiki, ya aromatiki inageuka njano. Isosianeti ikikutana na maji inatoa kaboni dayoksaidi, kwa hiyo brashi yenye maji inakuletea mapovu, thina yenye spiriti nayo inaila hadena rangi inabaki laini, na kopo la hadena lililofunguliwa juzi likawa limevimba au lina ukungu ndani litupe. Na hapa nawaomba sana vijana mnaopuliza: isosianeti inaleta pumu, na ukishaipata hata harufu kidogo baadae inakubana kifua. Kitambaa puani hakisaidii, barakoa iwe ya vichujio vya kemikali, na vichujio vibadilishwe. Hata epoksi yenyewe usiichezee na mikono mitupu, ngozi ikishaikataa inaikataa moja kwa moja, vaa glavu na usinawe kwa thina.

Mabaki ya kwenye ndoo yamwage kwenye mchanga yatandazike yagande, usiyaache kwenye kopo yakapata moto na usiyamwage mtaroni.

Ikishashikika kwa mkono haijakomaa bado, kwa joto letu ipe siku 7 kabla ya kuiosha kwa nguvu au kuifungia vitu. Siku ya saba, kabla hujakabidhi, chukua kitambaa cheupe, kilowanishe na thina ya hiyo hiyo rangi, sugua sehemu iliyojificha nyuma ya bawaba kwenda na kurudi mara 50. Kitambaa kikitoka na rangi kidogo tu au hakijatoka kitu, kabidhi. Kikitoka kimejaa rangi na pale uliposugua pamelainika, rudi kwenye hesabu ya hadena uliyoiandika siku ile, na kama hukuiandika basi kuanzia kazi ijayo iandike kwenye mfuniko wa kopo kwa maka peni, gramu na saa uliyochanganya.